Mapenzi, simu na ukatili ambao kitabu cha adhabu hakiuoni

Fungua kitabu cha adhabu cha sekondari ya kata hapa Mtwara, iwe Nanyamba, Tandahimba au manispaa kwenyewe, na makosa yatakuwa yale yale kwa miandiko tofauti: utoro, kuchelewa namba, kutonyoa nywele, kukutwa na simu, "mahusiano ya kimapenzi". Kwa kosa hilo la mwisho utakuta majina mawili yamefuatana, la msichana na la mvulana, na pembeni idadi ya viboko. Hakuna safu ya kuandika nani alikuwa anamtisha nani. Hakuna pa kuandika kwamba binti alishataka kuachana na huyo kijana zamani, akashindwa kwa sababu kuna picha.

Tukizungumzia walimu na ukatili wa mtandaoni, au ukatili ndani ya mapenzi ya vijana, kauli ya haraka ni kwamba walimu hawana uelewa. Dawa yake inakuwa semina ya siku mbili, chai na maandazi, posho, kisha kila mtu anarudi kituoni kwake. Semina si mbaya. Ila ukikaa na walimu mezani bila karatasi ya mahudhurio utaona wanajua mengi. Wanajua nani yuko na nani. Wanajua pikipiki ipi inamsubiri nani nyuma ya uwanja saa 9 alasiri. Wanajua hata picha ya nani imevuja, maana baadhi yao wameiona. Tatizo ni kwamba shule imewapa fungu moja tu la kuwekea kila kinachopita kati ya mvulana na msichana, nalo ni utovu wa nidhamu. Jambo likishawekwa humo, aliyeumia na aliyeumiza wanasimama paredi bega kwa bega.

Na wanafunzi wanalijua hilo kuliko sisi. Binti anayekwenda kwa mwalimu kusema "kuna mtu ananitishia kwa picha" anakuwa amekiri makosa mawili kabla hajamaliza sentensi: ana simu, na ana mpenzi. Nani atakwenda?

Kipigo huja mwishoni

Watu wengi wakisikia ukatili kati ya wapenzi wanafikiria kofi. Kwa vijana wa miaka 14 hadi 18, kofi likija huwa limetanguliwa na miezi ya mambo mengine yasiyoacha alama mwilini. Kijana anadai nywila ya mwenzake. Anataka aelezwe kwa nini alikuwa hewani saa 5 usiku na hakujibu. Anampangia marafiki wa kufuta. Anamtaka apige video sasa hivi, aonyeshe chumba alichomo. Kila moja ukilitazama peke yake linafanana na wivu wa kitoto, na wivu kwetu una heshima yake: nyimbo zinausifu, mashosti wanauhesabu kuwa ndio ushahidi kwamba unapendwa.

Tazama meseji hizi. Nimezitunga, lakini mwalimu aliyewahi kukaa na binti anayelia atazitambua:

"Uko wapi"
"Nakuona upo hewani"
"Unachati na nani saa hizi"
"Nipigie video nione"
"Aya sawa. Usinitafute tena"

Kimya cha siku nzima. Halafu:

"Bebi samahani nilipandwa na hasira, unajua navyokupenda"
"Nitumie moja tu nilale"
"Kwani huniamini??"

Na wiki kadhaa baadaye:

"Ukiniacha zote zinaenda kwenye grupu la fomu thrii"

Shule ikibahatika kuona chochote, itaona hiyo ya mwisho. Lakini mnyororo ni mmoja. Ile "aya sawa" ilikuwa adhabu, kimya kilikuwa adhabu, msamaha ulikuja umebeba ombi, na ombi lilikuja limevaa mapenzi. Mwalimu anayejua mnyororo huu anaweza kuingilia mapema, pale binti anaposema kwa kujigamba kwamba mpenzi wake "ananijali, lazima ajue niko wapi kila saa". Asiyeujua atacheka tu, au atamtandika kwa kuwa na mpenzi.

Na tusidhani ni mambo ya wachache. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba karibu robo ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliowahi kuwa kwenye mahusiano, yaani asilimia 24, wameshafanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na mwenza wao. Hesabu hiyo haigusi udhibiti wa simu na vitisho. Kwetu Tanzania, utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Karibu nusu ya wasichana hao hawakumwambia mtu yeyote. Wakati huo simu janja zilikuwa za wachache. Utafiti mwingine uliotolewa 2022 na UNICEF, ECPAT (mtandao wa mashirika yanayopinga unyonyaji wa watoto kingono) na INTERPOL ulikuta asilimia 67 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 nchini wanatumia intaneti, na asilimia 4 ya hao walikumbana na ukatili wa wazi wa kingono mtandaoni ndani ya mwaka mmoja. Asilimia 4 inasikika ndogo mpaka uipeleke darasani: katika mkondo wenye wanafunzi 50 wanaotumia intaneti, ni watoto wawili.

"Kwa nini ulituma?"

Hilo ndilo swali la kwanza karibu kila ofisi, na ni swali baya. Si kwa sababu halina majibu. Majibu yapo mengi, na hakuna hata moja linalobadilisha kwamba anayetisha ndiye mkosaji. Wapo waliotuma kwa kuamini. Wapo waliobembelezwa mpaka wakachoka. Wapo waliotumiwa kwanza wakaona haya kutorudisha. Wapo ambao hawakutuma kabisa: walikuwa kwenye simu ya video mwenzao akapiga picha ya kioo (screenshot), au walipigwa picha wakiwa wanaoga kwenye bafu la makuti la nyumba ya kupanga. Na siku hizi zipo programu zinazochukua uso wa picha ya sare na kuubandika kwenye mwili usio wake. Binti wa namna hiyo ukimuuliza "kwa nini ulituma" atakutazama tu.

Picha ikishatoka haikai kwa aliyeitoa. Mtaani inaitwa koneksheni, na kuna makundi ya Telegram na WhatsApp yanayoishi kwa kusubiri koneksheni mpya. Anayeivujisha huenda alitaka kumkomoa mtu mmoja. Kundi halina habari na kisa chake, linataka jina la shule tu ili picha iwe tamu zaidi. Hapo ndipo ugomvi wa watoto wawili wa Magomeni ya hapa Mtwara unapofika Dar es Salaam kabla kengele ya mchana haijagongwa.

Wavulana nao wamo, na humu ndimo shule inapopofuka zaidi. Akaunti yenye picha ya msichana mrembo inamtafuta kijana Facebook au Instagram, wanachati siku chache, anaombwa wabadilishane video. Akishajionyesha, sauti inabadilika: tuma elfu 50 la sivyo ndugu zako wote wanaona. Kijana wa kidato cha 4 hana elfu 50. Anaanza kuiba korosho za babu yake ghalani, au anakopa kwa bodaboda. Shule itamwandika mwizi au mtoro, kwani hata yeye hatasema. Mvulana akisema ametishwa na "demu wa mtandaoni" atachekwa na wenzake, na pengine na mwalimu pia.

Droo ya simu

Shule nyingi za serikali zinakataza wanafunzi kuwa na simu, na sababu zake zipo. Lakini hebu tuiangalie droo ya mwalimu wa nidhamu kwa karibu. Simu zimelala humo zimefungwa kwa karatasi na raba, majina yameandikwa kwa kalamu ya wino, nyingine vioo vimepasuka kama utando wa buibui. Zitakaa mpaka mzazi aje, au mpaka muhula uishe. Mwanzoni kuna simu itakayokuwa inatetemeka ndani ya droo mpaka chaji iishe. Mwalimu anadhani ni mitandao inamlilia mtoto. Upande wa pili kuna mtu mwenye picha, ambaye hajui kama simu imenyang'anywa. Anachojua ni kwamba binti hajibu siku ya tatu sasa. Anaandika mara ya kwanza kwa hasira, mara ya pili kwa kutukana, mara ya tatu anaweka muda wa mwisho.

Simu ikinyang'anywa, basi, ni vizuri mwalimu aulize swali moja kwa sauti ya chini kabla ya kufunga droo: kuna mtu atakasirika usipojibu? Swali dogo, halimlazimishi mtoto kukiri lolote. Sura yake itajibu.

Halafu kuna shule zinazopondaponda simu kwa nyundo mbele ya paredi ili iwe fundisho. Wanaofanya hivyo hawajui kwamba pengine wameponda ushahidi pekee uliokuwapo: namba, tarehe, maneno ya vitisho. Aliyetisha akiwa amesimama palepale mstarini, amepona.

Msimu wa korosho, mageto na unyago

Mambo haya yapo kila mahali, lakini kusini yana sura yake. Minada ya korosho ikianza Oktoba, fedha inaingia vijijini kwa mkupuo, kutoka Newala hadi Ruangwa. Zinanunuliwa bati, pikipiki na simu. Kijana aliyepata malipo yake ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, anamnunulia msichana wa kidato cha 2 simu janja, na laini juu. Tangu 2020 laini lazima isajiliwe kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, na NIDA ni ya aliyetimiza miaka 18. Basi laini inasajiliwa kwa jina la kijana. Inaonekana ni wema. Ila mwenye jina ndiye anayeweza kwenda kwa wakala kurinyuu laini ile, akapokea namba ya uthibitisho ya WhatsApp na kuingia kwenye akaunti ya msichana. Msichana anatembea na simu ambayo funguo zake ziko kwa mtu mwingine. Walimu wanaouliza "nani kakununulia hii?" wameuliza nusu, waulize pia laini ni ya nani.

Jambo la pili ni mageto. Shule za kata zilijengwa kwa wingi kuanzia 2006 na zikamsogeza mtoto karibu na elimu, lakini kata zetu ni kubwa na mabweni hayatoshi. Watoto wa vijiji vya mbali wanapanga chumba karibu na shule, wawili watatu, godoro chini, jiko la mkaa mlangoni. Hakuna mtu mzima wa kusikia mlango ukigongwa usiku. Vocha, bando, chipsi mayai, nauli ya kwenda kwa wazazi mwisho wa mwezi: vyote hivyo vinaweza kuletwa na mpenzi, na vyote vitadaiwa siku binti akitaka kuondoka. "Nimekugharamia sana" ni tishio lenye adabu.

La tatu ni unyago na jando, na hapa naona shule zetu zinakwenda upesi mno kutoa hukumu. Ni kweli kwamba kwa Wamakonde, Wayao, Wamakua na Wamwera wapo mabinti wanaochezwa wakiwa wadogo, wengine bado shule ya msingi, na wapo wanaorudi kutoka likizo ya Juni au Desemba wakihesabiwa kuwa wakubwa nyumbani huku shuleni wakiitwa watoto. Mvulana naye katoka jandoni ameambiwa kuwa sasa ni mwanamume, na hana uhakika mwanamume anatakiwa afanye nini akikataliwa. Katika mafundisho ya kuvumilia na kuficha ya ndani, yapo yanayomfunga mdomo binti anayetishwa. Lakini mara nyingi kungwi ndiye mtu mzima pekee aliyewahi kuzungumza na msichana huyo kuhusu mwili wake bila fimbo mkononi. Binti akipata shida atamkumbuka somo wake, yaani kungwi huyo, kabla ya kumkumbuka mwalimu wa nidhamu. Shule inayomualika kungwi wa kijiji kwenye kikao, ikamweleza koneksheni ni nini na vitisho vya picha vinaanzaje, inapata sikio mahali ambapo haina sikio. Kina bibi hawa wakielewa jambo hawahitaji projekta.

Kati ya miaka 30 na viboko 4

Sheria zipo, na ni kali. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23, inamgusa anayetuma ujumbe kwa nia ya kulazimisha, kutisha, kubughudhi au kumsababishia mtu maumivu ya moyo: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Kifungu cha 13 kinahusu picha za ngono za watoto, na hapo kifungo hakipungui miaka 7. Mtoto, kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Tangu mabadiliko ya 1998 kwenye Kanuni ya Adhabu, kufanya ngono na msichana wa chini ya umri huo, asiye mke wa mtu huyo, ni ubakaji hata kama alikubali. Na mabadiliko ya Sheria ya Elimu ya 2016 yanampa miaka 30 jela anayemuoa au kumpa mimba mwanafunzi.

Soma hayo yote kwa macho ya mwalimu wa kawaida kijijini. Mbele yake wamesimama wawili, mmoja ana miaka 17, mwingine 16. Mvulana ni mtoto wa jirani yake, baba yake ni mwenyekiti wa kitongoji. Upande mmoja anaona miaka 30. Upande mwingine anaona kanuni zinazoruhusu viboko visivyozidi 4, vikichapwa na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa. Katikati anaona patupu. Achague nini? Anachagua viboko, au anawaita wazazi wayamalize kifamilia, na familia zinayamaliza kweli: mbuzi, fedha kidogo, maneno ya wazee. Binti haulizwi, na picha bado ziko kwenye simu ya mtu.

Ukweli ni kwamba katikati si patupu. Mvulana wa miaka 17 naye ni mtoto mbele ya sheria, na sheria ileile ya 2009 imeweka Mahakama ya Watoto pamoja na nafasi ya afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Shule inatakiwa kuwa na mwalimu wa ushauri na unasihi, na serikali imekuwa ikihimiza madawati ya ulinzi na usalama wa mtoto shuleni. Tatizo la mwalimu wa unasihi ni kwamba mara nyingi ndiye huyohuyo anayefundisha vipindi vingi vya hisabati, au, vibaya zaidi, ndiye huyohuyo wa nidhamu. Asubuhi ameshika fimbo, mchana anasema mlango wangu uko wazi. Kama kuna jambo moja ningebadilisha kesho katika kila shule ya Mtwara na Lindi bila kuomba fedha kwa mtu, ni hilo: kazi hizo mbili zisishikwe na mtu mmoja.

La pili, kwa karibu sana na la kwanza, ni kuandika kwenye sheria za shule kwamba mwanafunzi anayeleta taarifa ya kutishwa au kulazimishwa haadhibiwi kwa sababu ya simu wala mpenzi vilivyojitokeza ndani ya taarifa hiyo. Wapo watakaosema utakuwa mwanya wa wajanja. Huenda wachache wataupitia. Lakini tumeshawahi kuona shule ikimtupa nje aliyeumia kwa jina la maadili: kwa miaka mingi mwanafunzi mjamzito alifukuzwa, mpaka Novemba 2021 serikali ilipotangaza kuwa anaweza kurudi darasani. Nidhamu ya shule haikuporomoka kwa hilo.

Akishafika ofisini

Mara nyingi hatafika. Itabidi aonekane. Dalili si simu. Wenye simu ni wengi. Tazama darasa linalocheka kabla msichana hajafika ubaoni. Tazama aliyekuwa na kundi la marafiki sasa anakula peke yake, anayevaa sweta Novemba yetu hii ya jua kali, anayeomba ruhusa ya chooni kila kipindi, aliyeacha ghafla kwenda shule upande wa barabara aliozoea.

Akikubali kuzungumza, maneno ya kwanza yawe mepesi: "Pole mwanangu. Umefanya vizuri kuja. Ni nani mwingine anajua?" Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote, kwa kuwa hutaweza kuitimiza ahadi hiyo. Mwambie utamwambia anayeweza kusaidia tu, na yeye atajua kabla. Muulize nyumbani anamwamini nani. Si lazima aanze baba. Kwa wengi mama mdogo, shangazi au bibi ndiye atakayepokea habari bila kuwasha moto, kisha yeye ndiye atakayeifikisha.

Usiombe kuiona picha. Hili nalirudia kwa walimu wema hasa, maana wao ndio wanaoteleza. Mwalimu anapokea picha "kwa ajili ya ushahidi", anaituma kwa mkuu wa shule, mkuu anaiweka kwenye grupu la kamati ya nidhamu, na kabla ya jioni watu wazima 9 wana picha ya utupu ya mtoto kwenye simu zao. Kifungu cha 13 hakimzungumzii anayechapisha tu. Kinamgusa pia anayewezesha wengine kuipata. Ushahidi unaohitajika shuleni ni vitisho: picha ya kioo ya meseji yenye namba au jina la akaunti, tarehe na saa. Simu ibaki kama ilivyo, isifutwe, wasiingie kwenye majibizano, na fedha isitumwe hata shilingi, maana anayelipwa mara moja hurudi. Kumbloku kuje baada ya ushahidi kuhifadhiwa. Mengine ni ya polisi.

Kama kuna kulazimishwa kimwili, saa zinahesabika. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi, kwa hiyo hospitali haisubiri kikao cha wazazi: Ligula kwa walioko Mtwara mjini, Sokoine kwa Lindi, au hospitali ya wilaya iliyo karibu. Namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, inapigwa bure, na mwalimu asiyejua aanzie wapi anaweza kuipiga mwenyewe. Kwa picha iliyokwisha kusambaa, ipo huduma ya bure iitwayo Take It Down, ya kituo cha Marekani kinachoshughulikia watoto waliopotea na wanaonyanyaswa. Inatengeneza alama ya kidijitali ya picha ndani ya simu ya mhusika, bila picha yenyewe kutumwa popote, na mitandao inayoshiriki, kama Facebook, Instagram na TikTok, inaitumia alama hiyo kuitafuta na kuiondoa. Haifiki ndani ya mazungumzo ya WhatsApp. Huko bado kazi ni ya watu: mwalimu kuingia darasani na kusema wazi, bila kutaja jina, kwamba anayeituma tena anatenda kosa lake mwenyewe.

Kuna jambo ambalo vikao vya walimu hulikwepa. Wapo walimu ambao ndio wanaotuma hizo meseji za saa 5 usiku. Huanza na grupu la masomo, yanafuata maswali ya faragha kuhusu mtihani, kisha "umelala?". Mwalimu wa namna hiyo akithibitika anapoteza kazi kwa Tume ya Utumishi wa Walimu, na sheria nilizotaja hapo juu zinamhusu kama mwingine yeyote. Kinga yake ni rahisi na hakuna mwalimu mwadilifu atakayeumia nayo: mawasiliano yote na wanafunzi yapitie kwenye grupu lenye mwalimu wa pili au mzazi ndani yake. Anayeona sheria hiyo inamkosesha uhuru, mkuu wa shule amuulize ni uhuru gani.

Baada ya yote hayo kuna Jumatatu. Kesi imeandikwa, wazazi wamekuja, mvulana amehojiwa, na wote wawili bado wako kidato cha 3 mkondo mmoja. Desturi yetu ni kumhamisha msichana, kwa nia njema, "asahau". Anahamia shule ya mbali, anapanga geto jingine, na picha inamtangulia, kwani makundi hayo hayana mipaka ya wilaya. Kama lazima mmoja abadilishe mkondo, awe aliyetisha, na asome huko chini ya macho ya mtu anayejua kwa nini yuko pale; shule bado ni haki yake, naye ana mambo ya kujifunza ambayo jela wala viboko havifundishi. Msichana apewe mtu mmoja wa kumwendea, kwa jina, mwenye saa zinazojulikana. Na mwalimu wa darasa akae naye tena baada ya mwezi, halafu baada ya likizo ya Desemba, msimu ukiwa umeisha na simu mpya zimerudi mifukoni, amuulize kama kuna yeyote amemwandikia.